Mamdogo Alivyovitahini Vyuo Vitatu

Mamdogo wangu hunywa chai akiwa amesimama. Ukimsogezea kiti anakushukuru, anakikalia kwa muda wa kufunga kamba za viatu tu, halafu ukigeuka unamkuta dirishani, au mlangoni, au kwenye kabati anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja na kamzidi miaka kumi na mmoja, anasema mdogo wake ni kama kuku anayetafuta pa kutaga: kila pembe ya nyumba kaingia, kila pembe kaitoa kasoro.

Likizo hii ya katikati ya mwaka ndiyo ilizidi, kwa sababu alikuwa anatafuta chuo.

Kazi yake ni kuuza kwenye duka la pembejeo, lile lenye milango miwili ya bluu karibu na stendi. Ukiingia unapigwa na harufu ya mbolea na dawa za wadudu mpaka macho yanawasha, ila yeye haisikii tena. Kuna magunia yamepangwa hadi darini, pakiti za mbegu zenye picha za mahindi manene ambayo sijawahi kuyaona kwenye shamba la mtu, pampu za kunyunyizia, na kabati la vioo lenye vitu ambavyo hakuna anayevinunua. Miaka tisa amesimama nyuma ya kaunta ile. Alikuwa na stashahada ya kilimo tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Akaambiwa ashike kazi kwanza, shahada baadaye, na hiyo baadaye ndiyo ikawa miaka tisa.

Wakulima wanamwita Daktari. Wanakuja na majani yenye madoa yamefungwa kwenye leso, viwavi ndani ya kiberiti, nyanya zilizooza kitako. Yeye anageuza, ananusa, anauliza ulipanda lini, mvua ilinyesha lini, kisha anasema tatizo ni nini na dawa yake ni ipi. Mmoja wao tunamwita Mzee Kofia, maana wagonjwa wake wote huwaleta ndani ya kofia, na siku hiyo anatembea kichwa wazi juani. Hata mkewe tunamwita Mama Kofia, na sijui kama anajua.

Hilo jina la Daktari lilikuwa linamwasha Mamdogo. Siku moja alimwambia Mama, "Dada, hawa watu wananiita Daktari, na mimi najua elimu yangu imeishia wapi. Imeishia pale." Akaonyesha swichi ya taa ukutani, kisha akanyoosha kidole mpaka darini. "Na ugonjwa wa mimea unaanzia pale unapanda juu."

Basi akaweka akiba. Miaka sita. Hakununua simu mpya, hakushona nguo ya sikukuu, na majirani walipomuuliza habari za ndoa yeye aliwauliza habari za ada. Lakini ilikuwa akiba ya chuo kimoja, si viwili. Akikosea kuchagua, asomeshwe porojo kwa miaka minne, hakuna mara ya pili. Hilo alilijua, na nadhani ndilo lililokuwa linamtoa kwenye viti.

Alitandaza vipeperushi vya vyuo kwenye meza ya kulia chakula, tukawa tunakula na sahani mapajani. Alikuwa ameshahakikisha kwenye orodha ya serikali kwamba vyote vinatambuliwa. Alichora mistari, akaandika ada, na chini ya ada akaandika zile ada nyingine ambazo hazisemwi mpaka umeshaingia: ya maabara, ya kitambulisho, ya koti jeupe, na chuo kimoja kilitaka ada ya mahafali mwaka wa kwanza, yaani ulipie sherehe ya mtihani ambao hujaufanya. Jumatatu alikuwa amechagua kimoja. Jumanne kingine. Jumatano alifuta vyote.

Mama akamwambia, "Chagua basi. Hata mume watu hawamchagui hivi."

"Ndiyo maana wengi wanarudi kwao," Mamdogo akajibu, na hapo alikuwa anazunguka meza mara ya nne.

Vikabaki vitatu. Vyote vitatu, ukivisoma kwenye karatasi, vinafanana kama mayai: walimu mahiri, mashamba ya mafunzo, mazingira tulivu. Ilikuwa hapo ndipo Mzee Kofia alipoingia dukani na gunia, si kofia. Mahindi yake yalikuwa yamedumaa na kugeuka njano kwa msimu wa tatu. Misimu miwili iliyopita Mamdogo alimwambia mahindi yana njaa, aongeze mbolea. Akaongeza. Yakawa mabaya zaidi. Msimu uliopita akaambiwa aongeze tena kidogo. Safari hii mzee aling'oa miche mitatu mizima, na mizizi yake na udongo wake, akaileta kama mtu anayeleta watoto wake hospitali.

Mamdogo aliangalia majani akasema ni njaa ileile, labda mvua inaiosha mbolea kabla haijaliwa, aongeze tena. Lakini jioni ile alirudi nyumbani na lile gunia, akaliwekea maji, akalilaza nyuma ya jiko.

"Vyuo vinawapa watu mtihani wa kuingia," akatuambia. "Na mimi nitavipa vyenyewe. Mche mmoja kila chuo. Chuo cha kilimo kisichojua huu una nini, kitanifundisha nini mimi?"

Jibu sahihi alikuwa nalo tayari kichwani: njaa ya naitrojeni. Atakayelitaja amefaulu.

Mama alisema niende naye, nami nikaone chuo kinafananaje, maana miaka miwili ijayo zamu ni yangu. Kwa hiyo nilivaa viatu vya shule na kushika upande mmoja wa gunia.

Chuo cha kwanza nilikipa jina la Chuo cha Geti. Sijawahi kuona geti kama lile. Lilikuwa na nguzo za marumaru, na mlinzi alituandikisha kwenye vitabu viwili, kimoja cha watu na kimoja cha mizigo. Kwenye kitabu cha mizigo aliandika "majani". Ndani kulikuwa na chemchemi ya maji inayorushwa juu bila sababu. Afisa udahili, dada mwenye kucha ndefu, alitupokea vizuri, akatupa maji baridi, akamwonyesha Mamdogo karatasi ya ada. Mamdogo aliisoma kuanzia juu hadi chini, kisha akairudia kuanzia chini hadi juu, kama vile huenda kwa upande huo ingepungua.

Alipotoa mche, yule dada alisogeza kiti chake nyuma. Alisema maswali ya kitaaluma yanaulizwa baada ya usajili. Mamdogo akaomba tu aonyeshwe shamba la mafunzo. Tulipelekwa mpaka kwenye bustani moja yenye maua na mistari sita ya kabichi, na kibao kikubwa kuliko kabichi zote. Mamdogo aliinama, akachimbua kidogo kwa kidole, akakuta mfuko wa plastiki. Kabichi ile ilikuwa imetolewa kwenye kitalu cha watu na kufukiwa hivyohivyo na kifuko chake, kwa ajili ya wageni. Alichimbua ya pili. Kifuko. Alizirudishia udongo, akaupapasa kwa kiganja kama anayemfunika mtoto shuka, na nje ya geti ndipo alipocheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kutazama.

Chuo cha pili kilikuwa mjini palepale, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Hiki nilikiita Ghorofani. Masomo ni Jumamosi na Jumapili, ada ni ya wastani, inalipwa kidogokidogo, na mtu anaweza kuendelea na kazi yake. Hawakuwa na shamba, lakini walisema wana makubaliano na shamba fulani. Mhadhiri aliyetupokea alivaa tai na alikuwa na sauti nzuri ya kusomea habari redioni. Mamdogo alipofungua gunia, yeye hata hakungoja mche utoke wote.

"Upungufu wa naitrojeni," akasema. "Wazi kabisa. Njano ya majani ya chini. Aongeze mbolea."

Ningetaka muone uso wa Mamdogo. Uling'aa kama wa mtoto aliyesomwa jina kwenye waliofaulu. Mhadhiri akaeleza kwa dakika ishirini, na kila alichosema Mamdogo aliitikia kwa kichwa, maana kilikuwa kilekile anachokisema yeye dukani. Mwisho mhadhiri alimsifu, akasema mtu mwenye uzoefu kama wake atamaliza shahada kama anayeteleza. Wakampa barua: nafasi inashikiliwa kwa jina lake hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, saa kumi jioni. Baada ya hapo wanampa mwingine.

Nyumbani ikawa furaha. Mama akanunua begi la kubebea madaftari. Tajiri, yaani mwenye duka, ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu hakuna siku ya kazi itakayopotea. Akaahidi kumlipia robo ya ada, mradi tu abaki dukani miaka yote minne. Kila kitu kikawa kimekaa mahali pake. Mtu mwingine angetulia.

Yeye Jumatatu asubuhi akachukua mche wa tatu.

Mama akauliza anaenda wapi na uchafu ule. Mamdogo akasema chuo cha tatu alishakiandikia kwamba anakuja, na hata mwanafunzi wa mwisho darasani husahihishiwa daftari lake. Mama akanitazama. Nikavaa viatu.

Chuo cha Bondeni kiko mbali. Unapanda basi mpaka unachoka kukaa, halafu unashuka, unatembea mteremko mrefu wenye mawe. Kibao chake kilikuwa kimefifia. Majengo ni ya matofali ya zamani, na kwenye ukumbi wa mihadhara niliona ndoo tatu sakafuni, kila moja chini ya tundu lake la paa. Ada ilikuwa ndogo kuliko zote. Tulielezwa kwa nini: wanafunzi wanasoma nusu ya siku na nusu nyingine wanafanya kazi shambani, na wanachovuna ndicho wanachokula na kuuza. Lakini lazima ukae hapohapo. Hakuna Jumamosi na Jumapili, hakuna duka. Wanafunzi walikuwa wanapita na matoroli, wamevaa ovaroli zenye viraka, mmoja amembeba mbuzi mabegani kama skafu na anabishana naye.

Mwalimu aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira. Hakutukaribisha ofisini. Aliuliza, "Umekuja na nini?" Mamdogo akampa mche. Yule mwalimu hakuyatazama majani hata kidogo. Aliugeuza miguu juu, akautikisa udongo ukaangukia kwenye bati, akaichovya mizizi kwenye ndoo ya maji, akaiosha kwa vidole polepole, kisha akailaza kiganjani. Ilikuwa mifupi, minene, yenye ncha kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwaka. Nami nilikuwa nimelibeba gunia lile siku zote hizo bila kuiona.

Akauliza udongo umetoka wapi. Misimu mingapi. Kuliwekwa nini. Mamdogo alijibu yote.

"Na nani alimshauri aongeze mbolea?"

"Mimi," Mamdogo akasema.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mwalimu akatikisa kichwa, lakini si kwa kejeli. "Njaa ipo, hukukosea. Ila chakula kimejaa sahani. Mdomo ndio umeungua. Udongo huu una tindikali, mizizi haiwezi kula. Na hiyo mbolea, kila ukiongeza, unazidisha tindikali. Alitakiwa kupewa chokaa ya shamba, siyo mbolea."

Mamdogo alibisha. Mimi nilijua atabisha. Yeye akipanda hashuki. Alisema majani ya chini ndiyo yaliyoanza kuwa ya njano, kama kitabu kinavyosema. Alisema na mhadhiri mwingine kathibitisha. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mwanafunzi mmoja akang'oe mche kwenye kipande cha shamba ambacho wao hawakukitia chokaa makusudi. Ukaletwa, ukaoshwa, ukalazwa kando ya ule wetu. Ungedhani ni pacha. Ukaletwa na mwingine, kutoka kwenye kipande chenye chokaa. Mizizi yake ilining'inia kama nywele zilizofumuliwa.

"Sikulazimishi uamini," mwalimu akasema huku akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Nenda kapime."

Njiani Mamdogo alikaa kwenye kiti chake mwendo mzima. Hilo lilinitisha kuliko kama angelia.

Tulishukia stendi akaenda moja kwa moja dukani, kwenye lile kabati la vioo. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya mikasi ya kukatia matawi, kulikuwa na kisanduku cha kupimia udongo: vichupa sita, dawa ya maji, na kadi ya rangi. Karatasi yake ya nailoni ilikuwa haijachanwa. Alisema kisanduku kile kilikuwepo tangu mwaka wake wa pili pale. Miaka saba alikuwa akikipangusa vumbi.

Alikinunua mwenyewe. Kesho yake tukaenda kwa Mzee Kofia.

Shamba lake liko nyuma ya tanuri la matofali. Mamdogo alichota udongo pembe nne na katikati, akatia dawa, akatikisa, akangoja. Kwenye kadi, kijani ni udongo mzuri, na kadiri rangi inavyokaribia nyekundu ndivyo tindikali inavyozidi. Chupa ya kwanza ilianza kama chai ya maziwa, halafu ikageuka rangi ya chungwa bivu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa nyekundu. Alizipima zote tano, kisha akazirudia mbili. Mzee alikuwa amechuchumaa pembeni, kichwa wazi, kofia kaiweka gotini.

Nilidhani atatafuta maneno ya kuzunguka. Hakuzunguka.

"Mzee, mimi ndiye niliyeharibu shamba lako," akamwambia. "Mbolea niliyokuwa nakuuzia ilikuwa inaongeza ugonjwa. Nilikuambia ninachokijua, na nilichokijua hakikutosha. Udongo una tindikali, unataka chokaa."

Mzee Kofia aliichukua kofia gotini. Kisha akauliza, "Umelijua lini hili?"

"Jana."

"Basi umeniambia mapema." Akaigeuza kofia mikononi. "Mimi nilidhani ni mkono wangu. Mke wangu misimu mitatu ananiambia mkono wangu unakausha hata miba. Nitakwenda kumwambia leo, na wewe utakuja kuwa shahidi."

Mamdogo alicheka, halafu cheko likageuka kikohozi, akaenda kusimama kwenye mpaka wa shamba akitupa mgongo. Mzee hakumfuata. Aliniuliza mimi kama hiyo chokaa ndiyo ileile ya ukutani. Nikamwambia hapana, ni ya shamba. Akauliza kama dukani kwetu ipo, nikasema sijui. Mamdogo akajibu bila kugeuka kwamba haipo.

Haipo kwa sababu haina faida. Hivyo ndivyo Tajiri alivyomweleza Jumatano, nami nilikuwa pale nimepeleka chakula cha mchana. Gunia la chokaa ni bei ya chini, zito, linachukua nafasi, na hakuna mteja aliyewahi kuliulizia. Mamdogo akasema hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Akasema anataka kuanza kuwapimia wateja udongo kabla hawajanunua mbolea. Tajiri si mtu mbaya. Aliwahi kunilipia hata sare za shule. Lakini alishusha sauti akasema, "Wewe wauzie wanachoomba. Mengine watajifunza wenyewe." Na akamkumbusha ile robo ya ada, kwa upole, kama mtu anayekuonyesha mwavuli wakati mawingu yametanda.

Alhamisi yake nyumba yetu haikukalika. Mamdogo alifagia uwanja, akafagia na wa jirani. Alipanga vipeperushi, akavipangua. Alianza kuosha sufuria akaiacha na povu lake. Barua ya Ghorofani alikuwa ameibandika kwenye kioo, na kila akipita anaisoma upya kana kwamba imeongezewa neno.

Mama aliona hapana, akamkalisha. Akamwambia ukweli kama dada mkubwa. Kule Bondeni paa linavuja. Utaacha kazi ya miaka tisa. Utakuwa na miaka thelathini na mmoja, unalala kitanda cha juu juu ya binti wa miaka kumi na tisa. Ghorofani utapata shahada ileile, karatasi ileile, na mshahara juu, na Tajiri anakuchangia. Mkataa pema, pabaya panamwita.

"Dada, pale Ghorofani walinipa mia kwa mia kwa jibu la uongo."

"Kwani si wewe uliyekuwa unawatahini?"

Mamdogo alitafuta pa kuweka mikono. "Ndivyo nilivyodhani. Kumbe nilikuwa nasahihisha kwa majibu yangu mwenyewe. Nilitaka chuo kitakachoniambia nimeshajua. Nimekwenda na mche hadi juu ghorofani kutafuta mtu wa kuniambia nimeshajua." Alinyanyuka. "Kama nimemkosea Mzee Kofia, wengine ni wangapi? Wananiita Daktari, Dada. Wanavua kofia."

Mama naye aliinuka. Alichukua ile sufuria yenye povu akaimalizia.

Ijumaa saa tisa na nusu simu ililia. Ilikuwa Ghorofani, yule mhadhiri mwenye sauti ya redio, anamkumbusha kwa wema kwamba imebaki nusu saa. Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni. Alimshukuru, akamwuliza swali moja tu: kama aliwahi kuiosha ile mizizi. Sikusikia kilichojibiwa. Nilisikia Mamdogo akisema asante, nafasi hiyo mpeni mwingine. Akakata. Kisha akaniomba karatasi ya daftari langu la shule, akamwandikia Tajiri barua ya kuacha kazi akiwa ameegemeza karatasi kwenye mlango, mistari ikapanda mlima.

Kwa utaratibu alitakiwa kufanya kazi wiki mbili zaidi, na hizo wiki mbili sitazisahau. Kila aliyeingia kuomba mbolea aliulizwa kwanza, "Udongo umepima?" Wakulima wakaanza kuja na udongo kwenye vikopo, kwenye soksi, kwenye mifuko ya sukari. Mamdogo alipanga vichupa kwenye kaunta kama mwuza sharubati. Wengine walikutwa na udongo mzuri wakanunua mbolea yao wakaenda. Wengine walirudi mikono mitupu. Na kila aliyewahi kumwongezea mbolea alimwambia waziwazi, mbele ya foleni, kwamba alimshauri vibaya. Mmoja alimtukana. Mmoja alimcheka akasema mganga hajigangi. Mama mmoja alirudi nyumbani akaleta udongo wa ndugu zake watano. Tajiri alikaa nyuma kwenye kiti chake akinung'unika, lakini mtu aliyeshaacha kazi utamfukuza wapi? Siku ya kumi na mbili aliagiza magunia ishirini ya chokaa. Alisema ni ya majaribio tu, na tusimtazame hivyo.

Mamdogo aliondoka Jumapili asubuhi kwenda Bondeni, ambako walikuwa wameshampa nafasi, na begi lile la madaftari na sanduku moja. Mama alimpa blanketi, ndoo, na maneno mengi. Akiba ya miaka sita ilitosha ada ya miaka minne na kubaki kidogo; ya kurudia kwingine haikuwepo.

Wiki ya tatu alipiga simu wakati tunakula, sasa mezani. Mama akaweka sauti ya juu ili tusikie sote. Mamdogo alisema mikono imetoka malengelenge. Alisema kitanda ni kweli cha juu, na binti wa chini anakoroma kama mashine ya kukoboa. Ripoti yake ya kwanza ya udongo mwalimu wa buti ameirudisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na makosa kumi na moja, mara ya pili saba, na kosa la nne yeye anaamini si kosa, na kesho atakwenda kulibishia. Alikuwa anahema, nadhani alikuwa anatembea huku anaongea.

Mama akamwuliza kama ameshatulia.

Akasema bado.

Akamwuliza kama anajuta, kwa sauti ya chini, kama vile sisi tusingesikia.

"Sijapata nafasi, Dada," akasema, na nyuma yake mtu akapiga kelele kwamba mbuzi wameingia kwenye maharage ya majaribio. "Ngoja. Ngoja kidogo." Tukasikia hatua zikikimbia, halafu upepo, halafu mbuzi.

Tulingoja. Mama hakukata simu mpaka salio likaisha.